Kwa nini "Alfa ya Crucis" ina "ya" mbili

Muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la tafsiri juu ya anga la kusini: ukurasa mmoja wa Kifaransa na mwingine wa Kiingereza, zote mbili ziingizwe katika Kiswahili ambacho mtoto wa sekondari wa Dilala au Manika ataweza kukisoma peke yake. Kazi zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Lakini nyota moja, ile inayong'aa kuliko zote katika Msalaba wa Kusini, ilirudi mezani kwangu na majina manne: "Alfa Crux", "Alfa ya Crucis", "Alpha Crucis" bila maelezo yoyote, na "Alfa ya Msalaba". Jirani yake alipata taabu zaidi. Nilisoma "Alfa ya Centaure", kisha "nyota za Centauri", na mahali pamoja "kundinyota la Centauri".

Chanzo cha mchanganyiko huu si uvivu. Kifaransa, lugha tuliyosomeshwa nayo, hutafsiri jina: kinasema Alpha du Centaure, na ile "du" inafanya kazi ya kuunganisha mbele ya macho yetu. Kiingereza hakitafsiri, kinaliacha jina la Kilatini lilivyo, Alpha Centauri, na kazi ya kuunganisha inabaki imefichwa kwenye herufi ya mwisho. Mwanafunzi wa Kolwezi ana Kifaransa mkono mmoja na simu iliyojaa Kiingereza mkono mwingine. Akichanganya hivyo viwili anapata "Alfa ya Centauri", na hajui kwamba amesema "ya" mara mbili.

Umbo ninalotaka kulieleza ni hilo: Crucis, Centauri, Orionis, Carinae. Ni jenitivu, yaani umbo ambalo jina la Kilatini huchukua linapokuwa mwenye kitu, au lile zima ambalo kitu ni sehemu yake. Waliopita sehemu ya Kilatini-Filozofia katika sekondari wataniambia wanaijua tangu mwaka wa kwanza. Ni kweli, wanaijua kwenye jedwali la rosa, rosae. Kuitambua ikiwa imekaa angani karibu na herufi ya Kigiriki ni jambo jingine.

Na hata asiyewahi kufungua kitabu cha Kilatini amekwisha kuisikia. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki husali Via Crucis. Hakuna parokia hapa inayoiita "Njia ya Crucis". Tunasema Njia ya Msalaba, au kama watu wanavyosema mtaani, njia ya musalaba, na tumeitafsiri sawasawa: via ni njia, crucis ni "ya msalaba". Neno lililoko kwenye Via Crucis na lililoko kwenye Alpha Crucis ni lile lile, herufi kwa herufi. Ndivyo ilivyo pia kwa Agnus Dei: agnus ni mwanakondoo, Dei ni "wa Mungu", wala Mungu kwa Kilatini si Dei bali Deus. Ukisema "Mwanakondoo wa Dei" kila mtu kanisani atageuka kukutazama. "Alfa ya Crucis" ni kosa la namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hakuna anayegeuka.

Sasa tuangalie mkia wenyewe. Crux ikiwa peke yake haionyeshi shina lake vizuri, kwa sababu ile x ni c na s zilizoshikana: cruc-s. Ukiondoa s ya kutaja na kuweka -is ya jenitivu, unapata cruc-is, na c inarudi mahali pake. Kifaransa chetu kimehifadhi shina hilo katika crucifix na crucifier. Ndiyo sababu kamusi nzuri ya Kilatini haitoi umbo moja bali mawili, crux, crucis. Atakayekariri la kwanza peke yake hatalitambua neno atakapolikuta na mkia mwingine.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo Kiswahili kinaposaidia. Lugha zote zina njia ya kusema "kitu cha mtu". Swali la kuuliza ni: alama inawekwa wapi, na inamfuata nani? Kilatini kinaiweka kwenye mwenye kitu. Via haibadiliki kwa sababu ya kuwa na mwenyewe. Anayebadilika ni crux, anayekuwa crucis. Na alama ina sura nyingi kulingana na aina ya jina la mwenyewe: Centaurus hutoa Centauri, Carina hutoa Carinae, Orion hutoa Orionis, na Vela, yaani matanga ya jahazi, ambalo ni wingi, hutoa Velorum.

Kiswahili Sanifu hakimgusi mwenye kitu hata kidogo. Msalaba unabaki msalaba. Alama ni ile -a unganifu inayosimama katikati, na sura yake inafuata kitu kinachomilikiwa: njia ya msalaba, jiwe la msalaba, vitabu vya msalaba, watu wa msalaba. Sura nyingi tena, ila zinatoka upande wa pili.

Halafu kuna Kiswahili tunachoongea sisi, kile ambacho Edgar Polomé alikieleza huko Lubumbashi katika miaka ya 1960 (naye, kwa bahati nzuri, alikuwa mtaalamu wa lugha za Kihindi-Kiulaya, kwa hiyo Kilatini hakikuwa kigeni kwake). Katika Kiswahili hiki mara nyingi kiunganishi kimesimama mahali pamoja: njia ya musalaba, jiwe ya shaba, bitabu ya mwalimu, bantu ya Kolwezi. Hakimfuati mwenye kitu wala kitu. Walimu wa lugha wamezoea kukiona hiki kama upungufu, na kwenye karatasi ya mtihani wa Kiswahili Sanifu nitaendelea kukiwekea alama nyekundu. Lakini kwa kufundishia jenitivu ni msaada mkubwa. Mwanafunzi ambaye kichwani mwake "ya" ni moja tu hahangaiki kuuliza kama ni ya, la, cha au za. Namwambia: ile -is ya Crucis ni "ya". Ile -i ya Centauri ni "ya". Ile -ae ya Carinae ni "ya". Anaelewa kwa dakika tano. Aliyelelewa na upatanisho wa ngeli huanza kwanza kutafuta Crucis iko ngeli gani.

Tukishaona hivyo, makosa manne ya mwanzo yanajieleza. "Alfa Crux" ni sawa na kusema "njia msalaba", viwili vimewekwa kando kwa kando bila kamba. "Alfa ya Crucis" ni "alfa ya ya msalaba". "Nyota za Centauri" limetoka kwa mtu aliyekumbuka kwamba -i katika Kilatini inaweza kuwa wingi, na hakukosea kanuni, kwa sababu centauri peke yake yaweza kweli kumaanisha wale viumbe nusu mtu nusu farasi wakiwa wengi. Ila baada ya herufi ya nyota haiwi hivyo kamwe. Na "kundinyota la Centauri" linasahau kwamba jenitivu haisimami peke yake. Kundi lenyewe linaitwa Centaurus. Nyota Alpha Centauri iko katika Centaurus, kama vile shimo la Musonoi liko Musonoi.

Kwa nini wanaastronomia walichagua umbo hili na si jingine? Jibu liko nyuma sana. Katika karne ya 2 Ptolemaio wa Aleksandria aliorodhesha nyota zaidi ya elfu moja katika makundinyota 48, na hakuzipa nyingi kati yake majina. Alizieleza kwa viungo vya mwili: nyota iliyo kwenye bega la fulani, nyota iliyo kwenye mkia wa fulani. Waarabu walipoifasiri kazi hiyo walibaki na mpango huo, na ndiyo asili ya majina mengi tunayoyaona leo yakiandikwa kwa sura ya Kizungu. Fomalhaut ni "mdomo wa samaki", fam al-hut, na msomaji wa Kiswahili wa pwani anayejua mwezi wa Hutu katika falaki atamtambua samaki huyo mara moja. Rigil Kentaurus, jina jingine la Alpha Centauri, ni "mguu wa Kantarusi". Katika yote haya kuna kitu na mwenyewe: mguu wa, mdomo wa, bega la.

Mwaka 1603 mwanasheria wa Augsburg, Johann Bayer, alichapisha ramani za anga zilizoitwa Uranometria. Badala ya kusema bega na mguu aliweka herufi za Kigiriki, kwa kawaida akianza na nyota zinazong'aa zaidi. Viungo vya mwili vikaondoka, herufi zikachukua nafasi yao, lakini mwenye mwili akabaki, na kwa kuwa wasomi wa wakati huo waliandikiana kwa Kilatini, akabaki katika jenitivu. Alpha Centauri ni kama kusema: badala ya "mguu wa Centaurus", sema "alfa ya Centaurus". Nyota za kusini kabisa, ambazo Ulaya haizioni, zilipata mpangilio wao baadaye, hasa kwa kazi ya Nicolas-Louis de Lacaille, Mfaransa aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752 akipima karibu nyota 10,000. Ni yeye aliyeweka angani vyombo vya kazi badala ya mashujaa, na kati yake kuna kimoja ambacho Ukanda wa Shaba ungepaswa kukipenda: Fornax, tanuru. Nyota yake ya kwanza ni Alpha Fornacis, Alfa ya Tanuru. Tazama tena x ikigeuka kuwa c, kama katika crux.

Jenitivu inaweza kubadilika huku nyota ikibaki pale pale. Hili huwashangaza wanafunzi kuliko yote, ingawa sisi watu wa Kolwezi tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Zamani za Ptolemaio nyota za Msalaba zilikuwa sehemu ya miguu ya Centaurus. Msalaba ulitengwa na wasafiri na wachoraji wa ramani baadaye, na Bayer mwenyewe bado aliuchora juu ya miguu ile. Canopus, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga zima la usiku, kwa muda mrefu iliitwa Alpha Argus, alfa ya merikebu Argo. Merikebu ilikuwa kubwa mno, Lacaille akaigawa, na ilipokubaliwa kwamba vipande vyake ni makundi yanayojitegemea, Canopus ikawa Alpha Carinae, alfa ya mkuku wa chombo. Herufi ni ile ile, nuru ni ile ile, mwenyewe amebadilika. Mashimo ya Musonoi nayo yalikuwa ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906. Mwaka 1967 yakawa ya serikali kupitia kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Jiwe halikusogea. Kilichosogea ni kile kinachokuja baada ya "ya".

Wakati mwingine nyota moja ilikuwa na wenyewe wawili. Ile inayoitwa leo Beta Tauri, beta ya Fahali, iliitwa pia Gamma Aurigae, kwa sababu ilisimama pembeni, kwenye ncha ya pembe ya mmoja na mguuni pa mwingine. Mgogoro uliisha pale Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoamua kuwa kila kundinyota liwe eneo lenye mipaka. Orodha ya makundi 88 na vifupisho vyake vya herufi tatu ilikubaliwa 1922. Mipaka ilichorwa na Eugène Delporte wa Brussels na kuchapishwa 1930. Mbelgiji akichora mistari iliyonyooka juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa na watu na majina: msomaji wa Lualaba anaruhusiwa kutabasamu. Lakini kazi ilikuwa safi, na tangu hapo kila nyota ina jenitivu moja tu halali.

Vifupisho vile vya herufi tatu vinastahili neno moja. Ukikuta "α Cru" au "α Cen" kwenye jedwali, usisome "Alfa Kru" wala "Alfa Sen". Kifupisho kinasomwa kana kwamba mkia umo: Alpha Crucis, Alpha Centauri. Pale kinaposimama peke yake, kikitaja kundi tu, kinasomwa Crux na Centaurus. Jicho linaona herufi tatu zile zile. Aliyejifunza sarufi ndiye anayejua atamke nini.

Kuna mitego michache. Puppis, sehemu nyingine ya merikebu, haibadiliki kabisa: Puppis ni kundi, Zeta Puppis ni nyota yake, na hapo huna mkia wa kukusaidia. Scorpius hutoa Scorpii kwa i mbili, na i ya kwanza ni ya shina, kwa hiyo usiidondoshe. Majina ya maneno mawili hubadilisha maneno yote mawili, kwa sababu kivumishi cha Kilatini hufuata jina lake: Canis Major, Mbwa Mkubwa, hutoa Canis Majoris, na kwa kuwa canis yenyewe haionyeshi tofauti, ni kivumishi kinachokuambia uko wapi. Mtego mkubwa kuliko yote ni samaki. Kuna kundi liitwalo Pisces, samaki wawili, na jenitivu yake ni Piscium. Kuna jingine liitwalo Piscis Austrinus, samaki mmoja wa kusini, na jenitivu yake ni Piscis Austrini. Huko ndiko iliko Fomalhaut. Kilatini kinatofautisha wingi na umoja ndani ya mkia. Kiswahili hakiwezi, maana samaki mmoja ni samaki na kumi ni samaki, na "ya" inafuata alfa, si samaki. Mfasiri akiandika "Alfa ya Samaki" mara mbili katika ukurasa mmoja ametuma wasomaji wake sehemu mbili za anga kwa anwani moja. Hapo lazima aandike "Samaki wa Kusini", na ikibidi "Samaki Wawili".

Sasa upande wa pili wa jambo, ambao vitabu vya mwanzo huupita haraka. Kama kila jenitivu ni "ya", je, kila "ya" ni jenitivu? Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wanaotafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kilatini huteleza. Kiunganishi chetu kina tumbo kubwa. Kinabeba umiliki, sehemu, mahali, malighafi, hata kusudi. Chukua misalaba ya shaba, ile ambayo mababu waliyeyusha na kutumia kama fedha, iliyopatikana katika makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, na ambayo mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. "Msalaba wa shaba" si crux cupri. Kitu kilichotengenezwa kwa shaba Kilatini kinakieleza kwa kivumishi, crux aenea, au kwa kusema "kutoka katika shaba", ex aere. Shaba haimiliki msalaba, wala msalaba si sehemu ya shaba. Na kwa kuwa mtu huniuliza kila mwaka: misalaba hiyo haikupewa jina na kundinyota, wala kundinyota halikupewa jina nayo. Kinachoviunganisha ni umbo la mikono minne tu.

Msalaba wa Kusini pia. Tunasema "wa Kusini" lakini Kilatini hakisemi "msalaba wa mali ya kusini". Kinasema Crux Australis, kwa kivumishi. Mahali, katika Kilatini, hupenda kivumishi. Hata neno la shaba linatoka huko: cuprum limetokana na aes Cyprium, shaba ya Kipro, na Cyprium ni kivumishi cha kisiwa.

Mfano mzuri wa tofauti hii hauko mbinguni. Uko chini ya miguu yetu. Juu ya vilima vya shaba kati ya Kolwezi na Likasi huota mimea inayovumilia udongo ambao ungeua mingine. Mmoja unaitwa Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba ambalo watafutaji wa madini walijifunza kulifuata. Mwenzake anaitwa Haumaniastrum robertii. Mimea miwili ya jenasi moja, na yote miwili kwa Kiswahili ungeieleza kwa "wa": wa Katanga, wa Robert. Lakini katangense ni kivumishi cha mahali, na robertii ni jenitivu ya jina la mtu, kwa i mbili kama Scorpii. Mwanabotania aliyeuheshimu mtu kwa jina la mmea na mwanaastronomia aliyeipa Nge nyota yake walitumia mkia mmoja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wanaofikiri jenitivu ni kitu cha darasa la Kilatini tu: panda kilima chochote hapa, utaikanyaga.

Basi katika Kiswahili tuandike vipi? Wenzangu wawili wa idara wanashikilia kwamba majina ya Kilatini yasiguswe: Alpha Crucis ibaki Alpha Crucis kila mahali, kwa sababu ni jina la kimataifa. Naelewa hoja yao, na katika jedwali au karatasi ya kisayansi naikubali. Lakini kijitabu cha shule si jedwali. Mtoto akisoma "Alpha Crucis" anapata sauti. Akisoma "Alfa ya Msalaba" anajua aitafute wapi usiku huo huo. Kifaransa kimetafsiri na hakuna aliyekilaumu. Kwa hiyo napendekeza: mara ya kwanza, andika "Alfa ya Msalaba wa Kusini, kwa Kilatini Alpha Crucis", kisha endelea na Kiswahili. Ukiamua kubaki na Kilatini, baki nacho chote, bila "ya". Kinachokataliwa ni nusu kwa nusu. Baadhi ya maandishi ya Kiswahili hutumia Salibu kwa kundi hili, kutoka Kiarabu, na ni jina zuri. Ila kwa msomaji wa hapa, ambaye msalaba ameusikia tangu ubatizo, sioni sababu ya kumzungusha pwani kwanza. Kwa Centaurus hali ni tofauti, kwa kuwa hatuna kiumbe huyo katika hadithi zetu, na Kantarusi ni msaada mkubwa: "Alfa ya Kantarusi".

Matamshi yasitugombanishe. Walimu wa Kilatini cha kale watasema "krukis", kanisani utasikia "kruchis", na aliyesomea Kifaransa atasema "krusis". Yote yanaeleweka. Mimi darasani natumia la kanisani, kwa sababu Via Crucis imekwisha kunifanyia nusu ya kazi.

Na kama mtu anaona aibu kwa kusahau mkia, ajue yuko na wakubwa. Mwaka 1915 Robert Innes, mkurugenzi wa kituo cha uchunguzi wa anga cha Johannesburg, aligundua nyota hafifu inayosafiri pamoja na Alpha Centauri, iliyo karibu nasi kuliko nyota nyingine yoyote baada ya Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24. Jina alilopendekeza lilikuwa Proxima Centaurus, bila jenitivu. Wanaastronomia walilirekebisha, na leo ni Proxima Centauri: "iliyo karibu kabisa, ya Centaurus". Proxima iko katika umbo la kike kwa sababu inapatana na stella, nyota, ambayo haikutajwa. Kwa hiyo hata upatanisho, ambao tunadhani ni mali ya lugha za Kibantu, umo humo ndani.

Wakati mzuri wa kuyaona haya ni mwezi wa Mei, mvua zikishaisha. Kolwezi iko karibu digrii 10.7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Mei, kama saa tatu usiku, Msalaba husimama wima upande wa kusini, kiasi cha digrii 40 juu ya upeo. Taa za migodi na vumbi hupunguza nyota ndogo, lakini usiku wa delestaji mtaa mzima huwa darasa. Ukielekea kusini, nyota ya chini kabisa ya Msalaba ni Alpha Crucis, ya juu ni Gamma Crucis. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea: ya karibu ni Beta Centauri, ya mbali zaidi ni Alpha Centauri.

Kwa wanaotaka kujipima kabla ya muhula ujao, nawaachia majina sita. Kwa kila moja taja umbo la kutaja la kundi, sema kama mwenyewe ni umoja au wingi, kisha toa tafsiri ambayo mdogo wako ataielewa: Delta Cephei, 51 Pegasi, Alpha Geminorum, Gamma Velorum, Beta Trianguli Australis, Omega Centauri. La kwanza na la pili ni majina ya watu na wanyama wa hekaya, usiyatafsiri. La tano lina mikia miwili. La mwisho si nyota moja hata kidogo, bali ni mamilioni ya nyota zilizosongamana, na bado linaitwa kwa herufi moja na mwenyewe mmoja.